Jinsi ya kuchimba historia ya kijiji kidogo cha Uingereza, hata kama uko mbali nacho

Watu wengi wakitaka kujua historia ya kijiji cha Uingereza wanaanza na wafalme, nani alipita hapa, malkia gani alilala kwenye jumba lile, alafu wanaishia na kurasa mbili za mambo ambayo kila mtu anayajua. Mi nakushauri uanze chini kabisa, kwenye shamba, kwenye kaburi, kwenye kibanda kilichobomoka, kwa mtu ambaye hakuwahi kuandika hata barua moja maishani mwake. Vijiji vya kule vina bahati ambayo sehemu nyingi duniani hazina, nayo ni makaratasi. Kijiji cha nyumba 40 kinaweza kuwa na maandishi ya miaka 900, ila maandishi hayo hayakuandikwa ili wewe ujue historia, yaliandikwa kwasababu kuna mtu alitaka kodi, au alitaka zaka yake, au hakutaka kulisha maskini wa kijiji cha jirani. Swali hilo, nani aliandika na alikuwa anataka nini, kaa nalo kichwani mwanzo mpaka mwisho, maana bila hilo utaamini kila unachosoma.

Kijiji chako kinaishia wapi

Hapa ndio watu wanapita haraka na baadae wanahangaika. Kwenye makaratasi, kijiji cha Uingereza sio kitu kimoja. Kuna parokia ya kanisa, hiyo ndio ilikuwa inabatiza, inafungisha ndoa na kuzika, na kwa karne kadhaa ndio ilikuwa inahudumia maskini pia. Kuna parokia ya kiserikali yenye halmashauri yake ya kuchaguliwa, hizo halmashauri zilikuja na sheria ya 1894. Alafu kuna milki ya bwana mwenye ardhi, wenyewe wanaita manor, yenye kabaraza kake ka mahakama na vitabu vyake. Mipaka ya hivi vitatu sio lazima ilingane hata kidogo, unaweza kukuta kijiji kimoja kimegawanyika milki mbili, au parokia moja ina vitongoji vitatu na hicho cha kwako ndio kidogo kuliko vyote na hakitajwi hata jina.

Kaunti nazo zilibadilishwa mipaka 1974. Uffington kwa mfano, pale penye farasi mweupe aliyechorwa mlimani, leo ni Oxfordshire lakini zamani ilikuwa Berkshire, kwahiyo mtu anayetafuta nyaraka za zamani za pale inabidi aulizie Reading, kwenye nyaraka za Berkshire. Kabla hujatafuta chochote andika kwenye daftari: kijiji kilikuwa parokia gani, kaunti gani kabla ya 1974, na dayosisi gani.

Soma ardhi kabla hujasoma karatasi

Kama unaweza kufika, nenda ukatembee. Kama huwezi, ingia kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Scotland, ndio, Scotland, wameskani ramani za zamani za Ordnance Survey, shirika la taifa la ramani, mpaka za upande wa Uingereza na wameziweka bure, na unaweza kuilaza ramani ya karne ya 19 juu ya picha ya satelaiti ya leo ukawa unaivuta na kuirudisha. Shirika la mazingira la serikali nalo limepiga nchi picha za laser kutoka angani, zile zinazoonyesha umbo la ardhi bila miti na nyasi, na zenyewe ni bure. Kwa hizo mbili tu unaweza kukaa wiki nzima usichoke.

Unatafuta nini? Chukua mfano wa matuta. Maeneo mengi ya katikati ya Uingereza ukiangalia malisho jua likiwa chini, asubuhi au jioni, au theluji nyepesi ikiwa imeanguka, unaona migongo mipana ya udongo imelala sambamba kama godoro lililokunjwa, na mara nyingi migongo hiyo haijanyooka, ina mkunjo kidogo kila mwisho. Hayo ni mashamba ya zama za kati. Plau ilikuwa inageuzia udongo upande mmoja tu, kwahiyo mkulima akizunguka kipande chake mwaka baada ya mwaka udongo unapanda katikati, na ule mkunjo unatokana na msururu wa ng'ombe kuanza kugeuka kabla ya kufika mwisho. Sasa angalia ua wa michongoma unaokatiza hapo. Kama ua umenyooka kama rula na unapita juu ya matuta bila kuyajali, basi ua ni mdogo kwa umri kuliko matuta, na hapo umeshajua bila kufungua kitabu kwamba kijiji hiki kililima pamoja kwanza, kisha ardhi ikaja kugawanywa na kuzungushiwa ua, jambo ambalo sehemu nyingi lilifanyika kati ya 1750 na 1850 kwa sheria za bunge. Ukitaka kuona kilimo cha zamani kilivyokuwa bado kinaishi, Laxton kule Nottinghamshire bado wana mashamba makubwa matatu ya wazi, na baraza lao la wakulima bado linakaa kila mwaka kukagua mipaka na kutoza faini aliyelima ziada.

Kwenye matembezi fuata njia za umma, mshale wa njano ni njia ya miguu, wa bluu unaruhusu na farasi na baiskeli. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge, ulilolikuta wazi liache wazi. Na usichimbe. Zile mashine za kutafutia vyuma zinahitaji ruhusa ya mwenye shamba, kwenye eneo la kale linalolindwa kisheria ni kosa kabisa bila kibali, na ukipata kitu kinachohesabika kama hazina sheria ya 1996 inakutaka utoe taarifa ndani ya siku 14 kwa coroner, ofisa anayechunguza vifo na hazina zilizopatikana.

Kanisa lina mengi ila kuwa makini. Matao ya duara mara nyingi ni ya Wanormani, karne ya 11 na 12, madirisha membamba yenye ncha ni ya karne ya 13, madirisha makubwa sana yenye mistari mingi ya wima ni ya kuanzia mwishoni mwa karne ya 14 mpaka ya 16 mwanzoni. Lakini watu wa enzi ya Malkia Victoria walikarabati makanisa kwa nguvu zote, wakati mwingine wakajenga upya kwa staili ya zamani, kwahiyo dirisha linaloonekana la 1250 linaweza kuwa la 1860. Jiwe ambalo kingo zake ni kali mno na halina chembe ya kuchakaa, litilie shaka. Kanisa kubwa kupita kijiji nalo ni swali zuri, ukiwa Suffolk au Cotswolds jibu mara nyingi ni pesa za sufu. Kwenye makaburi usisugue mawe wala kupaka chaki ili usome, yanaharibika moja kwa moja, washa tochi ukiwa umeishika pembeni ya jiwe mwanga upite kwa ubavu, maandishi yanajitokeza yenyewe.

Ramani ya zaka na sensa, kazi tamu kuliko zote

Kama una muda wa kufanya kitu kimoja tu, fanya hiki. Mwaka 1836 bunge lilipitisha sheria ya kubadilisha zaka, badala ya mkulima kumpelekea kasisi magunia na kondoo sasa analipa pesa, na kiasi kinafuata wastani wa bei ya ngano, shayiri na oti wa miaka 7. Ili kujua nani analipa nini ilibidi kila parokia inayohusika ipimwe na kuchorwa. Matokeo yake ni ramani kubwa ambayo kila shamba, kila nyumba, kila bustani ina namba, na daftari lake lina mwenye mali, anayeikalia, jina la shamba, linatumikaje, ukubwa wake na malipo yake. Ramani hizi zinagusa karibu robo tatu ya nchi. Kama kijiji chako hakina usikate tamaa, mara nyingi ni kwamba zaka zilishamalizwa wakati wa kugawa mashamba, tafuta ramani ya ugawaji badala yake.

Ukubwa umeandikwa kwa ekari, rood na perch, perch 40 ni rood moja na rood 4 ni ekari moja. Pesa ni pauni, shilingi na peni, peni 12 shilingi moja, shilingi 20 pauni moja, na mfumo huo uliendelea mpaka Februari 1971. Majina ya mashamba usiyaruke, palipoandikwa Brick Kiln au Windmill pana uwezekano palikuwa na tanuru la matofali au kinu cha upepo hata kama leo ni majani tu.

Sasa chukua sensa. Zimefanyika kila miaka 10 tangu 1801, ila majina ya watu wote unayapata kuanzia ya 1841, na hiyo ya 1841 ina mapungufu yake, umri wa waliozidi miaka 15 ulitakiwa ushushwe mpaka kwenye tano ya chini, yaani wa 39 anaandikwa 35, na mahali pa kuzaliwa wanaulizwa tu kama ni kaunti hiyohiyo, au Scotland, Ireland au nchi za nje. Ya 1851 ndio inakupa parokia aliyozaliwa mtu. Ya 1931 iliungua moto 1942, ya 1941 haikufanyika kwasababu ya vita, kwahiyo pengo hilo unaliziba na orodha ya watu iliyoandikwa 1939. Sensa hufungwa miaka 100 kabla ya kutolewa.

Shida ya vijijini ni kwamba nyumba hazikuwa na namba. Unakuta orodha ya kaya 60 zimefuatana na hujui ipi ni ipi. Mbinu yake ni hii: yule karani alikuwa anatembea kwa miguu, kwahiyo orodha yake ni njia. Tafuta nyumba ambazo hazina utata, baa, nyumba ya kasisi, kinu, shamba kubwa, ziweke kwenye ramani ya zaka, alafu jaza za katikati kwa kulinganisha jina la mkazi kwenye sensa na jina la mkazi kwenye daftari la zaka. Ramani nyingi za zaka ni za miaka ileile ya mwisho wa 1830 na 1840 kwahiyo majina yanagongana vizuri. Polepole kijiji kinajaa watu, mhunzi hapa, mjane na watoto watano pale, na unaanza kuona kwamba nyumba nzuri ya wikiendi ya leo ilikuwa imegawanywa kwa familia tatu za vibarua. Hapo jamani ndio utanogewa.

Vitabu vya kanisa

Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Henry VIII, aliamuru kila parokia iandike ubatizo, ndoa na mazishi. Sio kila parokia imebaki na vitabu vya kuanzia mwaka huo, vingi vimeanza baadae, ila nakala zilikuwa zinapelekwa kwa askofu na mara nyingi zinaziba mapengo. Usajili wa serikali ulianza tarehe 1 Julai 1837. Tovuti za FamilySearch, FreeREG na FreeBMD ni bure, na maktaba nyingi za umma kule zinatoa tovuti ya Ancestry bila malipo ukiwa ndani ya jengo.

Tarehe ndio zinaangusha watu. Mpaka 1752 mwaka mpya kisheria ulikuwa unaanza tarehe 25 Machi, sio Januari. Mfano mzuri uko Oxhill, Warwickshire, kwenye uwanja wa kanisa kuna jiwe la kaburi la Myrtilla, mwanamke Mwafrika aliyekuwa mtumwa wa bwana mmoja wa kisiwa cha Nevis. Jiwe linasema alibatizwa tarehe 20 Oktoba, akazikwa tarehe 6 Januari 1705, na Januari hiyo kwa hesabu yetu ni ya 1706. Na hapo hapo nikwambie, watu waliotoka mbali wamo kwenye vitabu vya vijiji hivi kuliko watu wanavyodhani, fungua macho. Hata sisi wa Kiswahili tumo: Horace Waller, aliyekuja kuwa kasisi wa kijiji cha Twywell kule Northamptonshire 1874, ndiye aliyehariri shajara za mwisho za mpelelezi David Livingstone, na waliomsaidia kuzielewa mwaka huo ni Chuma na Susi, walewale walioongoza msafara uliobeba mwili wa Livingstone kutoka kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, mpaka Bagamoyo. Vijijini Uingereza hapakuwa kisiwa kilichojifungia.

Usiridhike na kutafuta jina moja. Hesabu mazishi mwaka kwa mwaka, mwaka uliopanda ghafla una kisa. Mfano unaojulikana kuliko yote ni Eyam, Derbyshire, ambapo tauni iliingia Septemba 1665, inasimuliwa kwamba ilikuja na viroboto kwenye nguo zilizoletwa kwa mshonaji kutoka London, na watu wakakubali kujifungia kijijini chini ya kasisi William Mompesson na mwenzake Thomas Stanley. Walikufa watu wapatao 260 mpaka Novemba 1666. Elizabeth Hancock alimzika mumewe na watoto sita ndani ya siku nane, mwenyewe, kwa mikono yake. Idadi ya vifo inatoka kwenye kumbukumbu za kanisa, ila mapambo mengi ya simulizi yaliongezwa na waandishi wa miaka mingi baadae, na wewe kwenye kijiji chako tenganisha hivyo hivyo, kipi kimeandikwa na mtu aliyekuwepo na kipi kimeongezwa.

Makaratasi ya maskini

Hizi nazipenda kuliko nyaraka za majumba. Sheria za 1601 na 1662 ziliifanya kila parokia ilishe maskini wake, wake tu, kwahiyo mtu akianza kuonekana atakuwa mzigo anaitwa mbele ya mahakimu wawili aeleze alizaliwa wapi, aliajiriwa na nani, kwa muda gani, kwa ujira gani, ili ijulikane arudishwe wapi. Fikiria hilo, kibarua asiyejua kusoma anasimulia maisha yake yote na karani anaandika, hakuna karatasi nyingine itakayokupa kitu kama hicho. Ukiajiriwa mwaka mzima ukiwa hujaoa ulipata haki ya ukaazi kwenye parokia hiyo, na ndio maana utakuta wakulima walioajiri watu kwa wiki 51. Baada ya 1834 parokia ziliunganishwa na maskini wakawa wanapelekwa kwenye jumba la kazi, wenyewe wanaita workhouse, ambako walihifadhiwa na kufanyishwa kazi, na ambalo mara nyingi liko mjini, kwahiyo uwatafute kwenye vitabu vya muungano huo.

Vitabu vya kumbukumbu vya shule navyo vitamu, walimu wakuu walianza kutakiwa kuviandika miaka ya 1860 na ruzuku ilikuwa inategemea mahudhurio, ndio maana mwalimu anaandika kwa uchungu kabisa kwamba leo watoto hawapo, wako kwenye mavuno, wanaokota viazi, wana surua.

Ukifika nyuma kabisa utakutana na Domesday ya 1086, kitabu cha kuhesabu mali za nchi. Isome kwa uangalifu, Mfalme William alitaka kujua nani ana nini na anatozwa kiasi gani, kwahiyo wanaohesabiwa kwa kawaida ni wakuu wa kaya, sio watu wote, zidisha kwa 4 au 5 upate makadirio. Kijiji kutokuwemo hakumaanishi hakikuwepo, kinaweza kuwa kimehesabiwa ndani ya milki nyingine, na Durham na Northumberland hazimo kabisa.

Na tafadhali usiandike kwamba kijiji fulani kiliuawa na tauni kwasababu tu hakipo tena. Wharram Percy kule Yorkshire, kilichochimbwa na wataalamu kila kiangazi kuanzia 1950 mpaka 1990, kiliendelea kuwa na watu muda mrefu baada ya tauni kubwa ya 1348 na 1349, kilichowamaliza ni wamiliki kuona kondoo wanalipa kuliko wapangaji. Na Tyneham, Dorset, wakazi waliondolewa na jeshi Desemba 1943 na hawakurudishwa mpaka leo.

Ofisi ya nyaraka na wazee

Kila kaunti ina ofisi yake ya nyaraka. Andika kwanza kwa barua pepe, omba orodha ya walichonacho na agiza kabla hujaenda. Beba kitambulisho chenye anwani. Penseli tu, kalamu ya wino hairuhusiwi, begi unaliacha kwenye kabati, na ulizia kuhusu kupiga picha maana ofisi nyingi zinatoza kibali cha siku. Mwandiko wa karne ya 16 utakutoa jasho, na nyaraka za mahakama zilikuwa kwa Kilatini mpaka 1733, lakini Nyaraka za Taifa zilizoko Kew, London, wana masomo ya bure mtandaoni ya kusoma vyote viwili.

Wazee nao usiwaache mwisho. Uliza swali dogo lenye kushikika, nani alikuwa anauza mkate, maji mlichota wapi, kuliko kumwambia mtu akusimulie historia. Uliza pia kama kuna kitabu cha picha cha Women's Institute, chama cha wanawake, cha 1965, matawi mengi ya vijijini yalitengeneza mwaka ule kwa jubilei yao, vina picha, risiti, vipande vya vitambaa, na vingine bado viko kwenye kabati la mtu. Kwenye mnara wa vita linganisha majina na orodha ya tume ya makaburi ya vita, ila jua majina yalichaguliwa na wanakijiji wenyewe, askari mmoja anaweza kuwa kwenye minara miwili na mwingine asiwepo popote.

Kila unachonakili andika na namba yake ya kumbukumbu papohapo, usisubiri kesho. Ukimaliza toa nakala kwa ofisi ya nyaraka ya kaunti na nyingine kwa kanisa au halmashauri ya parokia, na majina ya watu walio hai yasiwemo bila wao wenyewe kukubali.